Munira Hakuiba Asaimenti Yangu

Tangu gazeti la Jumatano iliyopita litoke, simu yangu haijapumzika. Mmoja wenu kaandika kwamba mtoto kama Munira angekuwa wake, angemtupia begi nje. Dada mwingine kasema anamwombea Munira afeli, ashike adabu. Yupo kaka kaandika maneno ambayo hata mhariri hawezi kuyachapa.

Nimeyasoma yote. Kila tusi mlilompa mwanangu lilinifikia mie, na lilinistahili mie.

Jamani, Munira hakuiba. Wiki iliyopita niliwadanganya hata nyie.

Kwa msomaji anayeanza leo: mie naitwa Tunu Sadallah, mkazi wa Tandika, miaka arobaini na miwili. Miaka kumi na mitano nimepiga deki kwenye zahanati, nikimwaga mabeseni ya wagonjwa na kupokea amri za mabinti niliowazidi umri. Nikaamua kurudi shule. Mtihani wa kidato cha nne niliufanya mara mbili kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mara ya pili nikapata alama za kuingia chuo cha uuguzi.

Mwanangu wa pekee, Munira Talha, alikuwa ametoka kumaliza kidato cha sita. Yeye aliomba chuo waziwazi, mie nikaomba kimyakimya. Majina yakatoka. Chuo kimoja, upande wa Mwenge, darasa moja.

Munira hakulia wala hakunigombeza. Alinipa sharti moja tu.

"Chuoni hatujuani, mama. Nyumbani wewe mama yangu, kule mwanafunzi mwenzangu."

Nikakubali. Majina yetu hayafanani, na mtoto kachukua sura ya baba yake, marehemu Talha. Wanachuo wakaniita Bi Mkubwa. Munira naye akaniita Bi Mkubwa kama wenzake.

Wiki iliyopita niliishia pale Madam Demetria, mwalimu wetu wa misingi ya uuguzi, alipotuita ofisini akiwa na asaimenti mbili mezani, yangu na ya Munira, zimefanana mpaka nukta. Niliwaambia nilishangaa kazi yangu ilimfikiaje yule binti.

Sikushangaa. Mie ndiye niliyempa.

Sikilizeni ilivyokuwa.

Shuleni Munira alikuwa wa kwanza, akiteleza sana wa pili. Mwalimu anaandika ubaoni, yeye anahamishia daftarini, anakariri, siku ya mtihani anamwaga. Mtaani walikuwa wakimtolea mfano kwa watoto wao.

Chuoni hakuna wa kukuandikia ubaoni. Madam Demetria anaingia, anawasha projekta, anazungumza Kiingereza saa mbili bila kumeza mate. Akimaliza anataja kurasa arobaini za kitabu, anachukua mkoba wake, huyoo. Kesho yake mwalimu mwingine, naye kurasa zake hamsini. Wiki ya tatu wanakutangazia jaribio.

Mie kutojua nilishakuzoea. Nisipolielewa neno nanyoosha mkono nauliza. Darasa likicheka na mie nacheka, lakini jibu nimelipata. Masomo nayarekodi kwenye simu, nikirudi nayasikiliza huku namenya ndizi. Sentensi moja naweza kuirudia mara kumi. Naiandika kwanza kwa Kiswahili changu, halafu nachukua kamusi naipeleka kwenye Kiingereza, neno kwa neno, kama mtu anayevuka mto kwenye mawe.

Munira hakuwahi kuuliza swali maisha yake yote. Alikuwa anaulizwa yeye. Kunyoosha mkono mbele ya watu mia na ishirini na kusema hajaelewa, ingekuwa afadhali umvue nguo.

Kwa hiyo akakaa kimya. Wiki ya nne, wiki ya sita, wiki ya nane. Anabeba vitabu, anafungua, anafunga. Nikimuuliza masomo yanaendaje, ananijibu yanaenda.

Jumamosi moja asubuhi nafua sare zetu, mkono wangu ukagusa karatasi kwenye mfuko wa gauni lake. Imekunjwa mara nane. Nikaikunjua. Jaribio la anatomia. Tisa kati ya arobaini.

Nikamwita uani.

"Munira, hii nini?"

"Karatasi."

"Naona ni karatasi. Hii tisa ndiyo nakuuliza."

Akaitazama kama siyo yake.

"Mama, nikifungua kitabu naona herufi tu. Ukurasa mmoja nausoma mara sita. Nikifika chini sijui juu palisemaje."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe umepata ishirini na nane."

Sasa nitawaambia jambo la aibu. Aliposema vile, kabla moyo haujaniuma, ulifurahi. Kidogo tu, kitambo cha kupepesa jicho. Mpiga deki kampita mtoto wa kwanza darasani. Halafu ndiyo ukauma.

Chuoni kwetu alama za muhula zisipofika nusu, mtihani wa mwisho huufanyi. Unakula disko, unarudi kwenu. Kwa ile tisa na nyingine mbili zilizofanana nayo, Munira alibakiwa na kitu kimoja cha kumwokoa: asaimenti ya Madam Demetria. Kuzuia maambukizi wodini, kila mtu na yake, kukusanya Jumatatu.

Somo lile mie sikulisoma kwenye kitabu. Nimeishi nalo miaka kumi na mitano. Najua beseni moja linavyopita vitanda vinne. Najua muuguzi anavyofunga bomba kwa mkono uleule aliomshikia mgonjwa, kisha anaufungua mlango. Niliandika kurasa sita, na niliandika kwa raha ambayo sijawahi kuipata tangu nizaliwe.

Jumapili baada ya adhuhuri nikaingia chumbani kwa Munira. Karatasi zake zilikuwa tupu. Ameandika kichwa cha habari, amekipigia mstari, basi. Mstari wenyewe ameupiga kwa rula.

Nikamwekea kazi yangu mbele.

"Chukua hii."

"Sitaki, mama."

"Badilisha maneno mawili matatu."

"Watajua."

"Nani ajue? Madam ana wanafunzi mia na ishirini. Ataishika karatasi yako dakika tatu."

"Si yangu."

"Tangu lini changu kikawa si chako?"

Akainua uso. Macho yamemvimba.

"Niache kesho nimfuate Madam. Nimwambie sijaweza. Nimwombe aniongezee hata siku mbili, niandike mwenyewe. Hata nikipata chache."

Mnamsikia huyo mwizi wenu? Mtoto alitaka kwenda kwa mwalimu wake kusema ukweli. Mwenye akili mle chumbani alikuwa yeye.

Nikamjibu hivi, na maneno haya nayakumbuka kama yalivyo: "Uende ukamwambie umeshindwa? Mtoto wa Tunu? Hebu shika kalamu."

Nikavuta kigoda nikakaa mlangoni. Alianza saa nane, akamaliza kwenye adhana ya magharibi. Alikuwa anaandika huku machozi yanamdondoka, anayafuta kwa kiwiko yasiloweshe karatasi. Hakubadilisha hata neno moja. Nilidhani ni ukaidi. Baadaye nikaelewa: alikuwa hasomi anachoandika.

Ndiyo maana hakuliona kosa langu.

Kwenye kurasa zile sita nilitaka kusema muuguzi avae glavu kabla ya kumgusa mgonjwa. Kwa Kiingereza glavu na globu kwangu zilikuwa ndugu, zinatofautiana herufi moja. Nikaandika muuguzi avae globu. Siyo mara moja. Mara kumi na moja.

Munira anakijua Kiingereza kuliko mie mara mia. Angesoma mstari mmoja tu angecheka, angesahihisha. Akaandika globu. Mara kumi na moja.

Wiki mbili baadaye Madam Demetria akatuita. Akaziweka karatasi sambamba mezani.

"Hebu niambieni," akasema, "huko mnakotaka kufanya kazi, muuguzi anavaa globu za taa mikononi?"

Munira akazitazama karatasi. Mie nikautazama mlango.

"Mmoja wenu kamwibia mwenzake. Nani?"

Mdomo wangu ukafunguka kabla sijautuma.

"Hata mie nashangaa, Madam. Karatasi zangu huwa naziacha tu pale kwenye meza ya maktaba."

Ndivyo nilivyosema. Tulipotoka, Munira alitembea nyuma yangu hatua tatu, kama watu wasiojuana. Kama tulivyokubaliana.

Tukapangiwa kikao Ijumaa, saa nne asubuhi, mbele ya mkuu wa taaluma, Mwalimu Audax.

Siku tatu kabla ya kikao tulikula sahani moja bila kulitaja. Nikijaribu kuanza, Munira anainuka kuleta maji. Nikijaribu tena, anakumbuka nguo kwenye kamba. Nikajiambia mtoto mwenyewe hataki yazungumzwe. Nilijiambia mengi siku zile.

Ijumaa nikamkuta Rogers, mwakilishi wa darasa letu, ananisubiri kwenye korido.

"Bi Mkubwa, usitetereke. Darasa zima tuko na wewe."

"Kivipi?"

"Tumeshajua. Mtu mzima umejitesa na kamusi, dogo anakuja kuteleza juu ya jasho lako. Ishu kama hii mtu anakula disko tu. Sie wenyewe tumegoma kukaa naye."

Nikatazama mwisho wa korido. Munira alikuwa ameketi kwenye benchi la watu sita, peke yake. Wenzake wamesimama ukutani, benchi hawaligusi.

Nilitakiwa niende nikakae pale. Hatua ishirini. Badala yake nikamwambia Rogers, "Asante, mwanangu."

Neno hilo Munira alilisikia. Nilimwona akiinamisha kichwa.

Tukaitwa.

Mwalimu Audax ni mtu wa Bukoba, mrefu, anazungumza taratibu kama anayehesabu maneno yasizidi. Kushoto kwake Madam Demetria. Mbele yetu viti viwili.

"Binti," Mwalimu Audax akaanza, "Kiingereza chako cha kidato cha sita ni kizuri. Cha huyu mama, anisamehe, bado anakitafuta. Kosa la globu ni la kwake. Nakosea?"

"Hukosei, Mwalimu," Munira akasema.

"Kazi ni ya nani?"

"Ya Bi Mkubwa."

"Uliipataje?"

Nilijua sasa anasema. Na nawaapia, nusu yangu ilikuwa inamwomba aseme, tumalize.

Munira akakunja vidole vyake mapajani.

"Aliiacha maktaba. Nikaipiga picha."

"Yeye anajua?"

"Hajui."

"Mna ukaribu wowote?"

"Nasoma naye tu."

Alichukua uongo wangu wa meza ya maktaba, akauvaa kama nguo. Hata hakunitazama.

Mwalimu Audax akashusha pumzi. Akavuta faili la Munira, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Jambo hili si la kumaliza na wewe peke yako. Mzazi wako lazima ajue. Namba yake si hii hapa?"

Ile fomu tuliijaza pamoja, mie na Munira, kabla sijamwambia kwamba na mie nimeomba; kwenye nafasi ya mzazi tukaandika namba tu, bila jina.

Mwalimu Audax akabonyeza simu yake, akaiweka sikioni.

Mkoba wangu ukaanza kuita.

"Mama Tunu, pokea tu," akasema Madam Demetria kwa upole. "Huenda ni nyumbani."

Nikaingiza mkono, nikaikata.

"Amenikatia," akasema Mwalimu Audax. Akapiga tena.

Mkoba wangu ukaita tena.

Safari hii hakuna aliyesema pokea. Mwalimu Audax akatazama simu yake, akautazama mkoba wangu, akakata. Mkoba ukanyamaza. Akapiga mara ya tatu, macho yake usoni kwangu. Ukaita.

"Munira," akasema, "huyu ni nani wako?"

"Mama yangu."

Miezi mitatu chuoni, ndiyo mara ya kwanza aliniita hivyo ndani ya geti lile.

Madam Demetria alishika mdomo. Mwalimu Audax akazipanga upya karatasi zake, polepole, halafu akaniambia maneno ambayo ndiyo yaliyoniangusha.

"Mama, nataka uisikie kanuni kabla sijakuuliza. Chuo hiki anayenakili anafukuzwa. Anayempa mwenzake anakili, naye anafukuzwa. Hatutofautishi. Sasa mnaishi nyumba moja, na karatasi imetoka kwako imeingia kwake. Aliichukua, au ulimpa?"



Nikaliona dekio langu. Sitanii, nililiona kabisa, lile la mpini wa bluu, limeegemea ukuta wa zahanati, linanisubiri. Nikasikia ile sauti: Tunu, hapa bado kuna damu, pitisha tena.

Nikamtazama Munira. Akatikisa kichwa. Kidogo sana, hata walimu hawakuona. Hapana.

"Sikumpa," nikasema.

"Una hakika?"

"Sikumpa, Mwalimu."

Munira akavua kitambulisho shingoni, akakiweka mezani bila kuambiwa. Mwalimu Audax akasema Jumatatu saa mbili turudi sote wawili, fomu za kumwondoa Munira chuoni ziandikwe na kupelekwa kwa mkuu wa chuo.

Huko nje Rogers alinipungia mkono kama niliyefunga goli.

Nyumbani nilidhani nitakuta chumba kimefungwa, au mtoto kaondoka. Nilimkuta jikoni anakuna nazi. Akaniamkia kama siku zote, akanipakulia. Ningepigwa makofi ingekuwa nafuu.

Jumapili asubuhi akatoa pasi, akaanza kunyoosha sare. Yake. Kisha akanitundikia mlangoni kwangu.

"Hili gauni langu bado jipya. Lako limepauka mgongoni. Tunalingana kimo, vaa hili."

Hapo nikashindwa. Nikakaa chini sakafuni.

"Munira, kwa nini hukusema?"

"Nikisema tunatoka wote."

"Mie ndiye niliyekulazimisha!"

"Najua." Akaendelea kunyoosha kola. "Mama, mie nshafeli. Hata asaimenti ile ingepita, anatomia ingenitoa. Wewe unaweza. Nakuonaga unavyosoma hapo jikoni, unacheka peke yako ukilipata neno. Mie sijawahi kucheka na kitabu. Tukitoka wote wawili, itakuwa tumefaidika nini?"

"Utafanya nini wewe?"

"Sijui."

"Unataka uuguzi?"

Pasi ikasimama. Hilo swali, wasomaji wangu, sikuwahi kumuuliza. Siku fomu zilipoletwa nilimwambia uuguzi, akakubali tu.

"Nilitaka," akasema. "Nilianza kuutaka wiki ile ya kwanza wodini. Bibi mmoja wa kitanda cha dirishani alinishika mkono, hakuuachia mpaka zamu ikaisha. Nilikuwa nautaka kweli. Ila nilihitaji muda, mama. Ndiyo maana nilitaka nikamuombe Madam muda."

Akachomoa pasi, akatoka uani.

Nikabaki sakafuni. Nikachukua karatasi nikamwandikia Mwalimu Audax barua, kwa Kiswahili, wala sikuhitaji kamusi. Kwamba kazi ni yangu, nilimpa mwanangu mwenyewe, nilimlazimisha, nilikaa mlangoni mpaka akamaliza. Kwamba alitaka kwenda kwa Madam kuomba muda na mie nikamzuia. Kwamba Ijumaa nilisema uongo kwa kuogopa. Nikatia sahihi.

Munira sikumwonyesha.

Jumatatu nilivaa gauni langu lililopauka. Saa mbili kasorobo tulikuwa tumekaa kwenye lile benchi. Safari hii nilikaa naye. Wanafunzi walipita wakitutazama, wakinong'onezana. Habari ilikuwa imeshasambaa. Rogers akapita, akanitazama mie, akamtazama Munira, akaenda zake.

"Mama," Munira akaninong'oneza, "mbona hukuvaa lile?"

Mlango ulifunguliwa.

Mezani kulikuwa na fomu mbili. Moja imeandikwa jina la Munira Talha. Nyingine imegeuzwa, sikuona ya nani.

Kabla hatujakaa nikatoa barua yangu.

"Mwalimu, naomba uisome hii kwanza."

Mwalimu Audax akavaa miwani. Akasoma ukurasa wa kwanza, wa pili, akarudi wa kwanza. Akampa Madam Demetria. Yeye alisoma huku midomo inacheza, na alipofika mwisho aliiweka chini taratibu kama sufuria ya moto.

Nikahisi wepesi ambao sijawahi kuuhisi. Nilisema moyoni, liwalo na liwe, mzigo nimeutua.

"Munira," akasema Mwalimu Audax, "mama yako anasema alikupa kazi yake kwa mkono wake. Anasema hukutaka, akakulazimisha. Ni kweli?"

Munira alikuwa amegeuka kunitazama. Uso wake haukuwa na furaha. Ulikuwa na hasira, hasira ambayo sikuiona hata siku ya kikao, hasira ya mtu aliyebomolewa kitu alichokijenga.

"Si kweli," akasema.

"Munira!" nikapaza sauti.

"Si kweli, Mwalimu. Nilipiga picha. Mama ananionea huruma tu. Ni mzazi, unategemea aseme nini? Tangu Ijumaa hajala. Barua hiyo kaiandika jana akiwa analia, nilimwona."

"Mwalimu, huyu mtoto anadanganya!"

"Yeye ndiye anayedanganya! Muulizeni amewaambia nini Ijumaa. Mara mbili mlimuuliza, mara mbili akasema hakunipa."

Nikasimama. Nikataka kueleza kigoda, mlango, adhana, machozi aliyokuwa anafuta kwa kiwiko. Lakini hayo yote aliyaona nani? Mie na yeye. Na yeye anasema hayakuwepo.

"Kaa, mama," akasema Mwalimu Audax.

Sikukaa.

"Kaa."

Nikakaa. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu kuliko miwani inavyohitaji. Madam Demetria alikuwa anamtazama Munira, akanitazama mie, akarudi kwa Munira, kama mtu anayetafuta kosa kwenye karatasi mbili zinazofanana.

"Nimefundisha miaka ishirini na sita," akasema Mwalimu Audax. "Nimezoea wanafunzi wanaotupiana kosa. Wa kugombania kosa sijawahi kuwapata."

Akaigeuza ile fomu ya pili. Ilikuwa na jina langu.

Akazisogeza zote mbili mbele yangu, ya mwanangu kulia, yangu kushoto, kalamu katikati.

"Binti yako kauli yake haijabadilika tangu Ijumaa. Yako imebadilika. Kwa hiyo wa kujibu ni wewe, mama, na nitaandika utakachosema. Ijumaa ulisema hukumpa. Leo unasema ulimpa. Siku gani ulikuwa mwongo?"